Mnara wa Mzee Ambindwile

Mimi ni mtu wa Tanga, na sioni aibu kusema kwamba nina kiherehere. Kitu kikilia chumba cha pili, lazima nijue kinalia nini. Asubuhi moja nimetoka zamu hospitali, nimejizungushia mablanketi kwa baridi hii ya milimani Igogwe isiyo na adabu, nikasikia gemu linalia sebuleni. Sasa gemu lile lina mwenyewe. Mwenyewe ni Mzee Ambindwile, baba mwenye nyumba wangu, na nilikuwa nimepishana naye njiani akielekea kwenye migomba yake. Nani basi anacheza?

Nikachungulia. Alikuwa Tulia, mke wa Lugano, na Lugano ni mtoto wa Mzee. Kiti cha Mzee hakukikalia. Alichuchumaa kando yake mbele ya TV ya chogo, ufagio umelala sakafuni, pedi ya gemu mkononi, ulimi nje. Aliponiona karibu aidondoshe.

"Dada Stumai, nakuomba, usiseme."

"Nisiseme nini? Kwani umeiba?"

"Baba mkwe asijue."

Nilipopanga hapa nilidhani hawa wawili wamegombana. Kumbe ni mila. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani, na jina la mzee halitoki kinywani mwa mke wa mwanawe. Mjini Tukuyu wengi wameshaiacha. Kwa Mzee Ambindwile bado ipo. Mzee hakohoi kwa ugonjwa, anakohoa akikaribia nyumba ili Tulia apate nafasi ya kupita nyuma ya jiko. Tangu aolewe hawajawahi kusemeshana hata neno moja. Lugano mwenyewe ni dereva wa lori la majani ya chai, yuko njiani siku zote, kwa hiyo nyumbani tunabaki sisi na Bibi Elina, mke wa Mzee, ambaye ndiye anayepeleka maneno huku na huku, tena kwa kulalamika.

Gemu lenyewe ni la kishenzi, naomba radhi. Kuna kijitu kimeshika taa, kinapanda mnara wa ghorofa tisa. Popo wanatoka kila upande. Akikugusa mmoja, chini. Ukianguka mara tatu unaanza upya kabisa, hata kama ulibakiza ghorofa moja. Halina pa kuhifadhi ulipofika, ndiyo maana Mzee hulisimamisha tu na kuiacha mashine inawaka mchana na usiku, imefunikwa kitambaa. Halafu mvua ya huku inapiga, umeme unakatika, na jasho lote limekwenda na maji. Nilijaribu mara moja tu. Nilitukana kwa Kisambaa.

Mzee alilijua gemu hilo Kitwe, Zambia, alikokwenda ujana wake kufanya kazi migodini. Kwenye klabu moja kulikuwa na mashine ndefu kama kabati, unatumbukiza sarafu, unacheza umesimama, watu wamekuzunguka. Miaka mingi baadaye, akipita kwenye mitumba Mwanjelwa pale Mbeya, akaiona kaseti yenye picha ya yule kijitu na taa yake. Akainunua pamoja na mashine ya kuichezea. Bibi Elina alikuwa amemtuma sufuria.

"Lakini hii wameichakachua," Mzee aliniambia siku moja, kidole kwenye kioo. "Ya Kitwe ilikuwa kubwa. Ili iingie kwenye kidude hiki wamepunguza vitu. Ghorofa ya saba, upande wa kulia, palikuwa na kamba. Unairukia, unapanda. Humu kamba hakuna."

"Sasa mbona kila siku unarukia kulia, Baba?"

"Vidole vimezoea, nesi. Nikifika pale vinakwenda Kitwe vyenyewe."

Na kweli, akifika ghorofa ya saba alirukia kamba isiyokuwepo, akaanguka, akaguna, akaanza upya. Mimi ningekuwa nimeshaitupa mashine chooni.

Basi nikamfichia Tulia siri, lakini siri yenyewe haikudumu. Jioni moja Mzee aliondoa kitambaa, akakisogelea kioo.

"Huyu mtu nilimwacha ghorofa ya tano," akasema. "Leo yuko ya sita. Kapandaje?"

"Labda kachoka kukusubiri," Bibi Elina akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi anazomenya.

Mzee akatazama mlango wa jikoni, akatutazama sisi, hakuuliza tena. Ila kuanzia siku hiyo, akitoka kwenda shamba, pedi haikubaki kwenye kiti chake. Aliiweka juu ya kigoda karibu na mlango wa jikoni. Mh! Nilipoona vile nilicheka peke yangu njia nzima mpaka wodini. Wakawa wanapanda mnara kwa zamu, yeye jioni, Tulia asubuhi, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Lakini mimi ni nesi, na jicho langu halilali. Nikaanza kuona kwamba popo akitokea katikati, Mzee anamkwepa vizuri kabisa. Akitokea pembeni, hamwoni. Hata kikombe cha chai alianza kukigonga. Nikamburuta, Mzee amenuna, mpaka kwa daktari wa macho. Jibu lilikuwa presha ya macho. Pembe za macho zilishakufa, na kilichokufa hakirudi. Dawa ya matone ingejaribu kulinda kilichobaki katikati. Daktari hakutuficha kwamba huenda isifaulu.

Tulipokuwa tunarudi, tulipofika kwenye migomba yake, Mzee akasimama.

"Nesi, kule Kitwe kuna mtu mmoja alifika juu. Watu walipiga kelele, klabu nzima. Mimi nilikuwa nyuma. Niliona visogo tu." Akafuta uso, mvua ilikuwa imeanza. "Nataka nione juu kuna nini, kabla macho haya hayajazima."

Na Tulia alikuwa anaweza! Yeye hakuwahi kuiona kamba ya Kitwe, kwa hiyo hakuwa na cha kusahau. Ghorofa ya saba alijaribu kila mahali, akagundua kwamba kushoto kabisa, kwenye ukingo wa kioo, kuna tofali limechomoza kidogo. Unalirukia popo akigeuka, unapita. Nikapeleka ujumbe. Mzee akajaribu. Akajaribu tena. Tofali lilikuwa palepale ambapo macho yake yalikuwa yamekwisha.

"Hakuna kitu hapo!" akafoka, na Mzee si mtu wa kufoka. "Mnanifanya mtoto?"

Nilikwenda chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Nilikasirikia gemu, nikakasirikia na mila. Nikamwambia Bibi Elina waziwazi: si Tulia aingie tu amchezee, wakae wote, dunia haitapasuka! Bibi akanitazama.

"Ile ni heshima yake kwa mzee, na ya mzee kwake," akasema. "Wewe unaiona kama ukuta. Waache wenyewe."

Nikafunga mdomo, kitu ambacho si kawaida yangu.

Jumapili walipotoka kanisani mvua ilikuwa inanyesha taratibu na umeme upo. Mzee alicheza mpaka ghorofa ya sita, akalisimamisha gemu. Halafu akainuka, akakishika kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta. Akakaa, akajifunika koti kichwani.

"Mama Lugano," akasema kutoka ndani ya koti. "Mwambie mwenzangu aingie. Mimi sipo."

Bibi Elina alicheka kwanza. Kisha akashika kinywa, akaenda jikoni.

Tulia aliingia amejitanda khanga mpaka usoni. Akachukua pedi. Nami nikawa mtangazaji, maana Mzee alitaka kujua kila kitu.

"Yuko ya saba, Baba. Anangoja. Popo anageuka... karuka! Kapita!"

Koti likatikisika. Ghorofa ya nane ilikuwa balaa, sikuweza hata kutangaza, nilikuwa nasema "weee, weee" tu. Ya tisa aliponea chupuchupu, ameshaanguka mara mbili, amebakiza nafasi moja tu. Mbele ya kijitu ukabaki mlango wa juu, mtupu, popo hakuna.

Tulia akalisimamisha gemu. Akaiweka pedi juu ya kigoda, akainuka.

"We! Unakwenda wapi? Bado hatua moja!"

"Ni ya baba," akaninong'oneza, na machozi yalikuwa yanamtoka. Yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kuona kuliko hata mimi, nilimjua. Akaingia jikoni, mlango ukafungwa.

Nikamgeuza Mzee. Nikamwekea pedi mikononi.

"Nielekee wapi, nesi?"

"Mbele tu, Baba. Moja kwa moja."

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akabonyeza. Kijitu kikaingia mlangoni. Muziki ukabadilika, ukawa wa taratibu. Pengine ya Kitwe ilikuwa nzuri zaidi, pengine hapo pia walipunguza, hilo hatutalijua kamwe. Nilitaka kumweleza kilichopo. Akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa anaona.

Kisha akageuza shingo, si kwangu wala kwa Bibi, akaelekeza mdomo kwenye mlango wa jikoni uliofungwa. Akapaza sauti.

"Kaitundika taa yake juu. Mnara wote umewaka. Madirisha yote, mpaka la chini kabisa."

Bibi Elina alinishika mkono, akaubana.

Halafu sauti ya Tulia ikatoka, ndogo, lakini ilitoka.

"Na yule mtu?"

Mzee akakirudia kioo, akakitazama kwa muda mrefu ili asimdanganye.

"Amekaa," akajibu. "Amekaa mlangoni, anapumzika."