Hendeli ya Simu ya Katoro

Niliondoka Shinyanga Alhamisi asubuhi kwa sababu ya aibu, na heri niseme hivyo mapema kuliko kusingizia kwamba nilikwenda kutembea. Ndani ya koti nilikuwa na hendeli ya simu ya zamani, vipande viwili, nimevifunga kwenye leso. Niliikata mwenyewe, kwa msumeno wangu.

Kazi yangu pale nyumbani Ngokolo, mtaa wa Shinyanga, ni simu za kizamani. Nilizitengeneza nikiwa mwajiriwa, na nilipostaafu nikabaki nazo. Watu huniletea vipande, nami huwaambia kila kimoja kilibuniwa nchi gani, na waliokibuni walimwiga nani. Skrubu ikikubali nati ya inchi nakwambia Uingereza. Ikikataa, natazama Ujerumani au Uswidi. Kengele naigonga kwa ukucha tu. Watu wakanisifu, na sifa zikanipanda kichwani.

Miezi miwili iliyopita dada mmoja aitwaye Kulwa aliniletea simu ya mama yake kutoka Katoro, upande wa Geita. Ni sanduku la mbao lenye jenereta ndogo ya sumaku, na pembeni hendeli ya kuzungusha ili simu ya upande wa pili ilie. Ilikuwa imeacha kuita. Ugonjwa wenyewe ulikuwa waya mmoja uliooza, kazi ya dakika kumi. Lakini mimi si mtu wa kuishia dakika kumi. Nilifungua kila kitu nikaandika: sanduku Uingereza, jenereta ya simu ya kijeshi, mkono wa kusemea Uswidi. Nikafika kwenye hendeli. Ilikuwa ya shaba, imepinda kuelekea nje, na kishikio chake kilikuwa pembe ya ng'ombe, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Kila nikiizungusha ilinichomoka mkononi. Hakuna kiwanda nilichokijua kilichowahi kutoa kitu cha namna ile.

Nikaandika: "Bandia. Haina asili." Nikafunga hendeli halisi kutoka kwenye akiba yangu. Ile nyingine nikaikata katikati nione shaba ya ndani, nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la wapenda simu la WhatsApp na maneno haya: Tazameni fundi wa vichochoroni anavyoharibu mali. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Jumatatu ya wiki ile ya safari, Mama Kulwa mwenyewe alinipigia. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Simu imefika, inalia. Hendeli iko wapi?"

"Nimekuwekea ya kiwandani, Mama. Ile ilikuwa ya kubandika tu."

"Sikuuliza umeweka ipi. Jumamosi ni kumbukumbu ya Baba Kulwa. Watu wake wanakuja. Watazungusha nini?"

Nikamwambia nitaileta mwenyewe. Sikumwambia kwamba iko vipande viwili.

Kahama nilifika kabla ya adhuhuri, basi likiwa limepita Tinde na Isaka bila mkwamo. Nikaenda moja kwa moja Nyasubi, kwa fundi wa kuchomelea aitwaye Masanja, mtu wa maneno machache na miwani nyeusi. Alivitazama vile vipande, akavigeuza, akavua miwani.

"Aliyepinda hii hakubahatisha," akasema. "Aliipinda ikiwa ya moto, kidogo kidogo. Anajaribu, anarudisha motoni, anajaribu tena. Alikuwa anapima mkono wa mtu. Mkono wa nani?"

"Sijui."

"Mteja wako hukumuuliza?"

Sikumuuliza. Nilikuwa nimeiuliza skrubu, nimeiuliza kengele, nimeuliza kila kitu kisicho na mdomo, na mtu mwenye mdomo sikumuuliza. Masanja akawasha gesi, akaunganisha. Pale kwenye kiungo, kiganja kinapogusa shaba, pakabaki uvimbe wa kadiri ya punje ya harage. Nilitaka tuupige tupa uishe.

"Ukiupiga tupa itakatika tena," akasema. "Acha ukae. Nani kaikata lakini? Kaikata vizuri."

Nikasema ni fundi mmoja huko Shinyanga. Usiku huo nililala Nyahanga, hapohapo Kahama, kwa binamu yangu, na lile jibu lilinikera kuliko mbu.

Ijumaa asubuhi nilipanda mchomoko, zile gari ndogo zinazojaza abiria mpaka kwenye buti, hadi Ushirombo, na pale nikapanda nyingine kwenda Katoro. Baada ya mashamba ya mpunga yalianza maturubai ya wachimbaji, na makarasha yakisaga mawe kando ya barabara. Abiria wenzangu walizungumza habari za mwamba uliotema dhahabu na mwamba uliogoma. Mmoja akaniuliza mimi natafuta nini huko. Nikasema napeleka mzigo.

Katoro, saa tisa alasiri, nilimkuta Mama Kulwa barazani anapeta mchele wa shughuli ya kesho yake. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyohama. Nilimpa ile leso kwa mikono miwili. Hakuitazama hendeli kwanza, aliipapasa. Kidole gumba kikafika kwenye uvimbe, kikasimama.

"Uliikata."

"Niliikata, Mama."

"Ilikukosea nini?"

Akamwita Kulwa aniletee maji ya kunywa, nami nikaona afadhali angenitukana. Kisha akanieleza, huku akiendelea kupeta.

Baba Kulwa alikuwa mkuu wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Alipata simu mbili za zamani, akatandaza waya, moja akaiweka chini kwake na nyingine juu kwa mke wake, aliyekuwa akisimamia winchi. Kamba ya winchi hiyohiyo ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete. Hendeli ya kiwandani ikawa haishikiki. Basi akaipasha shaba moto, akapinda, akachonga pembe, siku nyingi, mpaka ikaukubali mkono uliobaki.

"Masika moja maji yakafurika kutoka shimo la jirani," akasema. "Simu ikalia. Nikapokea. Akaniambia, vuta, tuko saba. Nikavutisha. Kila mmoja akitoka, simu inalia, yeye ananiuliza, katoka? Namwambia katoka. Mara sita. Yeye akaja wa mwisho, sanduku la simu kalifunga mgongoni."

Tangu hapo, kila mwaka wale sita walikuja. Sanduku liliwekwa uani, ile simu nyingine ilikuwa chumbani kwake. Mmoja mmoja alizungusha, Mama Kulwa alipokea ndani na kuuliza ni nani, kisha akauliza, umetoka? Naye anajibu, nimetoka. Baba Kulwa alikuwa akikaa pembeni anacheka. Safari hii ilikuwa mara ya kwanza bila yeye.

Niliona haya. Nilikuwa nimeandika kwamba kitu kile hakina asili, na asili yake ilikuwa imelala hatua arobaini kutoka nilipoketi, chini ya msalaba uliopakwa chokaa.

Jumamosi, baada ya misa, wale watu walikaa uani. Wamebaki watano, wazee wenye mvi. Niliweka betri mpya, nikafunga hendeli, nikajitenga karibu na ukuta. Wa kwanza alikuwa mzee Luhende. Kabla ya kushika, alikunja kidole cha mwisho na cha pete, bila hata kutazama, na hendeli ikazunguka laini kabisa. Ndipo nilipoelewa kwa nini mimi ilikuwa ikinichomoka. Baada ya mizunguko mitatu akasimama, akatazama kiganja chake.

"Hapa pana kitu kinasugua," akasema. "Hakikuwepo."

Wote wakaitazama hendeli. Nikaelewa kwamba Mama Kulwa hakuwa amemwambia mtu. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na alikuwa anasikia. Ningeweza kusema ni kutu, wangeamini; mimi ndiye mtaalamu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliikata nikidhani ni takataka. Nikawachekesha watu kwayo. Nisameheni, wazee."

Luhende akapangusa kiganja kwenye suruali, akazungusha upya, akajibu maswali yake, nimetoka, akawapisha wenzake. Walipomaliza wote watano akanigeukia. "Na wewe njoo. Utasimama ukutani mpaka lini?"

Nikazungusha. Uvimbe ulinisugua palepale ulipomsugua yeye. Ndani simu ikapokewa.

"Nani?"

"Fundi wa Ngokolo, Mama."

Nilingoja aniulize kama nimetoka, na sikujua ningejibu nini.

"Umezungusha kwa vidole vitano," akasema. "Nimesikia inavyolia. Kunja viwili, uanze upya."

Jumapili nilirudi kwa njia ileile. Kahama nilipita kwa Masanja nikamwambia fundi wa Shinyanga ni nani. Akasema alijua tangu siku ile. Nimejifunza kwamba kipande cha simu hakitoki kiwandani tu, hutoka pia kwenye mkono wa mtu, na mkono hauandikwi namba kama chuma. Nimewaandikia wenzangu wa kundi habari yote kama ilivyo. Aliyejibu ni mmoja, akiuliza kama inauzwa.

Jana nilifungua daftari langu, nikaufuta ule mstari, nikaandika: "Hendeli. Imebuniwa Katoro na Baba Kulwa, kwa mkono wake wa kulia, vidole vitatu. Uvimbe wa katikati ni wangu."