Nani Aligusa Vumbi Langu

Mimi ni mtu wa kushuku, na kwa muda mrefu nilijisifia hilo. Mwaka ule nilirudi Tunduma kwa mama kumalizia tasnifu yangu ya fizikia. Nilikuwa natengeneza kielelezo cha kompyuta cha namna mwanga wa nyota unavyotawanyika ukipita kwenye mawingu ya vumbi huko angani. Wingu lenyewe nisingeweza kulileta stoo kwa mama, hivyo nilichota vumbi kandokando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, nikalinyunyiza juu ya kioo, nikaweka tochi upande mmoja na kipima mwanga upande wa pili. Vipimo vikilingana na kompyuta, nawasilisha kazi mwisho wa wiki. Visipolingana, mwaka mwingine bila shahada.

Havikulingana. Kila siku mwanga ulipita mwingi kuliko jana, kama vile vumbi linapungua. Hesabu nilizikagua mstari kwa mstari, sikuona kosa. Basi kuna mkono wa mtu, nikajiambia, na macho yakaenda moja kwa moja kwa mpangaji wetu, muuza vitenge, aliyekuwa akiacha mlango wake wazi mchana kutwa na kuuliza maswali mengi mno kuhusu ile stoo.

Nilimvaa uani, mbele ya watu. "Dada, kwa nini unagusa vitu vyangu?"

"Wallahi, mdogo wangu, hata kuchungulia sijachungulia."

Alilia. Nikaona anaigiza.

Kesho yake nilirudi mapema kutoka dukani. Mama alikuwa stoo, amepiga magoti, anafuta kioo changu kwa ncha ya kanga.

"Kila siku nakipangusa kidogo tu, usije ukasema nimekuvurugia," alisema. "Akina mama wa jumuiya wakija kusali wakute vyombo vya binti wa chuo vimejaa vumbi? Watasema sikukulea."

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Tukaenda wote wawili kuchota vumbi jingine, na safari hii vipimo vilikaa sawa.

Jioni ileile nilikwenda kwa mpangaji kuomba radhi.

"Yameisha, mdogo wangu," alisema, akanimiminia chai.

Asubuhi alipotoka kwenda sokoni alifunga mlango wake kwa kufuli jipya, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Uani nilikuwa mimi peke yangu.