Ondoka Dukani, Watakuita

Mjomba wangu hakuwahi kununua kiatu kwa bei ya kwanza. Alijisifia jambo hilo mpaka lilipommaliza ndugu yangu, na baada ya hapo akaendelea kujisifia.

Miaka ile Guangzhou ilijaa watu wetu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udhamini, nasoma Kichina. Siku zisizo na masomo nilikwenda barabara ya Zhanxi kumfasiria mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa akinunua viatu vya kupeleka Mombasa. Malipo yangu yalikuwa sahani ya wali katika hoteli ya Waislamu nyuma ya soko, na maneno kwamba elimu yangu sasa imepata kazi. Niliudhika, lakini wali niliula.

Namna yake ya kununua ilikuwa moja. Alikunja soli, akainusa gundi, akaniambia niulize bei. Ikishatajwa, alisema mwenyewe “tai gui,” ghali mno, akakirudisha kiatu mahali pake na kutoka.

“Usigeuke nyuma,” alinifunza. “Ukigeuka, umeshalipa.”

Tukawa tunatembea kati ya mikokoteni na watu wanaoburura marobota, na kabla hatujafika pembeni sauti ya laoban, mwenye duka, ilitufuata: “Pengyou, lai, lai.” Rafiki, njoo, njoo. Mjomba alitabasamu kabla ya kugeuka. Alikuwa na kanuni nyingine pia: muuzaji anayekupunguzia bei ungali umesimama dukani kwake, hujaomba wala hujaondoka, basi mali yake ina ubovu. Rahisi ghali, alisema. Nakiri kwamba kwa viatu sikumwona akikosea.

Ndugu yangu, mdogo wangu, alikuwa Marekani akiendesha gari la kusambaza mikate. Mjomba ndiye aliyempeleka. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo neno la mjomba kwetu lilikuwa neno la baba. Siku moja polisi walimsimamisha ndugu yangu njiani wakamkuta na unga mfukoni. Si unga wa mikate. Alikuwa ameanza kuvuta, na nalisema bila kuremba kwa sababu nyumbani mpaka leo wanadai alisingiziwa. Walimnyang’anya leseni, na kwa dereva kule, kazi nayo ikawa imekwenda.

Akapiga simu asubuhi moja tukiwa stoo kwa mjomba, tumekalia katoni. Mjomba akafungua spika.

“Kuna mahakama ya watu kama mimi,” ndugu yangu alisema. “Hakimu hanifungi nikikubali kutibiwa. Nitapimwa mkojo kila wiki, na nitakuwa nasimama mbele yake aone naendeleaje.”

“Na wewe wataka kupimwa mkojo kama mgonjwa?” mjomba aliuliza.

“Hayo ningeyakataa, mjomba. Nakwambia kweli. Lakini amesema nikiingia atanipa leseni ya kwendea kazini, na nikimaliza adhabu yote ya leseni inafutwa. Kwa leseni nitaingia.”

Mjomba aliisogelea simu. “Hiyo leseni uliiomba wewe?”

“La. Yeye ndiye aliyeitaja.”

“Hujaomba?”

“Sijaomba.”

Nilimwona mjomba akipata uso ule wa sokoni, uso wa mtu aliyenusa gundi mbovu.

“Sikiza mwanangu,” alisema. “Serikali haigawi kitu kwa mapenzi. Huyo amekushushia bei nawe ungali dukani. Ukitia saini umekiri, na watakufanya watakavyo. Siku ya kesi usiende. Ondoka. Watakuita wenyewe, na bei itakuwa nzuri zaidi.”

Nikasema mahakama si duka la viatu. Nikasema hakimu hana mali ya kuuza, na kwamba ndugu yangu asaini haraka kabla hakimu hajabadili nia. Niliyasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa mbele ya mjomba.

“Wewe wasoma Kichina,” alinijibu, “husomi sheria.”

“Dada,” ndugu yangu akasema taratibu, “mjomba ndiye aliyenileta huku.”

Siku ya kesi hakwenda.

Nimelifikiria sana jambo hili, na hasira haijaisha. Kule kuna watu walikaa wakajiuliza mvuta unga anapenda nini zaidi ya unga, maana jela haimtishi mpaka aingie. Kwa ndugu yangu walipata jibu: usukani. Walimwekea mkononi kitu pekee ambacho angekikubalia matibabu, naye alikuwa amekwisha kukubali. Halafu mtu aliyeketi juu ya katoni za ndara upande wa pili wa dunia akamwambia akirudishe mahali pake.

Akangoja aitwe. Kila alipopiga simu mjomba alimwambia avumilie, wanampima tu. Badala ya kuitwa ilitoka hati ya kumkamata. Alikuwa ameazima gari la rafiki kwenda kutafuta kibarua, hana leseni, polisi waliposimamisha magari barabarani. Nafasi ile ya matibabu haikutajwa tena. Alifungwa, na kifungo kilipokwisha wakampakia ndege ya kwao. Mama alisema alifika na mfuko wa plastiki mkononi, akaomba chai, akalala. Hakukaa sana kabla ya kuurudia unga. Mtu aliyekuwa akiendesha gari la mikate alfajiri, mji mzima bado umelala, sasa hushinda barazani kwa mama akisinzia na kikombe mkononi mpaka chai inamwagika.

“Alikosa subira,” mjomba aliwaambia watu pale hotelini, na watu wakatikisa vichwa. Mimi nilitazama sahani yangu.

Nilipokaribia kumaliza masomo nilimfasiria mara moja zaidi. Ulikuwa msimu wa kununua mali ya Idi, na yeye alitaka makubazi ya kike yenye shanga. Wanunuzi walikuwa wengi kuliko mali. Laoban, mwanamke kijana, alitaja bei. Mjomba akasema “tai gui,” akatoka, nami nikamfuata.

Tulipita mkokoteni wa kwanza, hatukuitwa. Mjomba akapunguza mwendo. Akainama, akashika kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea, na akiwa pale chini akageuka nyuma. Laoban alikuwa akimhesabia mteja mwingine makubazi yale yale.

Mjomba akarudi mwenyewe. Aliingia akicheka, akamwita yule mwanamke pengyou, akalipa bei ya kwanza. Laoban hakuona ajabu yoyote. Akatutolea mzigo na kutupa chai.

“Mjomba,” nikasema, “kumbe mtu asipoitwa hurudi mwenyewe?”

“Hurudi, mwanangu. Mali nzuri ukiiona haikungoji. Aibu ya nini?”

“Mbona hukumwambia arudi?”

Alikuwa amepiga goti juu ya katoni, anakata utepe wa gundi kwa meno.

“Nani?” akauliza.