Mpira Uliokwisha Kutoka

Kwa miaka kumi na moja fundi alishona sare za chuo cha wauguzi, na dirisha la chumba chake cha cherehani lilitazama uwanja wa tenisi. Kukaa akiangalia tu kulimshinda. Siku moja aliweka mkasi mezani, akaenda kuazima raketi, na tangu hapo jioni zake zote zikawa za mpira.

Masikio yake yalikuwa mazito tangu utotoni. Alivaa mashine ndogo nyuma ya kila sikio, na kwa hizo aliusikia mpira vizuri kuliko alivyowasikia watu. Ukilia kwa ukavu, umepigwa kwa nguvu. Ukikwaruza, umekatwa na unakuja mfupi. Miguu yake ilianza safari kabla macho hayajaona.

Aliyemwandikisha kwenye mashindano ya viziwi ni wifi yake, dada wa mumewe, mchoraji wa mabango aliyezaliwa kiziwi. Wangecheza wawili kwa wawili. Fundi hakulala vizuri juma zima kwa hamu. Asubuhi ya mechi, msimamizi akaja na kisanduku. Mashine zote zivuliwe, ndivyo kanuni ilivyosema, ili wachezaji wawe sawa.

Fundi alipozivua, dunia ilizimika. Akamwambia wifi yake kwa mikono, "Wifi, mimi nacheza kwa masikio. Leo nitakuaibisha."

Wifi akacheka. "Miaka yote mimi ndiye mgeni huko kwenu," akajibu kwa mikono. "Leo umekuja kwetu. Karibu."

Seti ya kwanza walichapwa sita kwa moja. Wapinzani wao, walimu wawili wa shule ya viziwi, walicheza kama watu wanaopiga soga. Fundi alichelewa kila mpira. Wakati wa kupumzika, wifi alimshika bega, akalizungusha polepole. "Usiusubiri mpira. Mwangalie anayeupiga. Bega likifunguka, unakuja mrefu. Mkono ukishuka, unakuja mfupi."

Fundi aliangalia mabega. Mwanzoni aliona mabega tu, basi. Halafu, katikati ya seti ya pili, mwalimu mrefu alishusha mkono, na fundi akajikuta tayari yuko kwenye wavu, mpira unamfuata kama ulioitwa. Akaugonga katikati ya walimu wawili, wakabaki wanatazamana. Mwili mzima ulimsisimka. Seti hiyo wakaichukua sita kwa nne.

Seti ya tatu jasho liliwaingia hadi machoni. Ikafika tano kwa nne, na pointi moja tu ikabaki fundi na wifi yake washinde. Mwalimu mrefu akapiga mpira mzito hadi mwisho wa uwanja. Fundi akaukimbilia, akaurudisha. Walimu nao wakaurudisha. Wifi akaruka, akagonga. Fundi akaona kwa pembe ya jicho watu jukwaani wakisimama na kupunga mikono hewani, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, akaona kweli mchezo umenoga. Akazidi kukimbia. Mpira ulivuka wavu mara nane, kumi, na hakuna hata mmoja wa wanne aliyekubali kuuacha.

Mwishowe mwamuzi alishuka kwenye kiti chake kirefu, akaingia uwanjani akiwa amenyoosha mikono yote miwili, nusura mpira umpige sikioni. Akawaonyesha alama mbichi kule nyuma: ule mpira mzito wa mwalimu ulikuwa umedondoka kidole kimoja nje ya mstari. Mechi ilikwisha zamani.

Fundi alikaa chini palepale, akacheka hadi machozi. Mumewe alikuja akikimbia, sauti imemkauka. Akazungumza kwa mikono, taratibu. "Nimewapigia kelele mmeshinda, mmeshinda, mpaka koo limekwisha."

"Ulikuwa unampigia nani kelele, kaka?" wifi akamuuliza.

Kesho yake, kwenye nusu fainali, wasichana wawili wenye miguu ya umeme waliwatoa bila huruma. Fundi hakununa hata kidogo. Njia nzima ya kurudi nyumbani alibishana na wifi yake kuhusu mpira mmoja wa seti ya pili, mikono ikipishana juu ya mifuko ya raketi, kila mmoja akiapa kuwa ulikuwa wake.