Saini ya Jumapili ya Kepueli Lolohea

Mume wangu, Kepueli Lolohea, alitia saini mkataba siku ya Jumapili. Wanaolisimulia jambo hilo kwenye vikao vya kava, kinywaji chetu cha mizizi, wanasema kweli, lakini huishia hapo, na ndiyo sababu naandika. Mimi nilikuwepo. Kalamu ilikuwa yangu.

Alikuwa mwenye duka kijijini kwetu, hapa Vava'u, katika visiwa vya Tonga. Lilikuwa duka la mbao aliloachiwa na baba yake: unga, mafuta ya taa, nyama ya kopo, kamba. Bia haikuwahi kuingia humo. Jumamosi jioni alifunga, na hadi Jumatatu hakuna aliyeuona ufunguo mkononi mwake. Jumapili moja Wazungu wa mashua walimgongea dirisha wakitaka vinywaji baridi. Akawaangulia madafu ya uani kwetu. Walipotoa pesa akacheka. "Leo siuzi," aliwaambia. "Leo nakaribisha tu."

Alikuwa pia mhubiri wa kanisa, kama baba yake na babu yake.

Lopeti, mfanyabiashara wa mjini, alikuja Jumapili ile ya saini baada ya ibada, tulipokuwa tunafukua chakula tulichopika shimoni kwa mawe ya moto. Kepueli ndiye aliyehubiri asubuhi. Mgeni hafukuzwi, tukamkalisha mkekani, akala majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama na tui, akasifu, akaongezwa. Kisha akatoa karatasi. Alitaka kukodi duka miaka kumi, alisema, apate pa kuweka unga na kamba zake. Mgongo wa Kepueli ulikuwa umechoka na magunia, naye Lopeti alilijua hilo.

"Tuandikiane kesho," Kepueli alisema.

"Kesho alfajiri nasafiri, ndugu yangu. Kwani tunauza nini? Unaandika jina lako tu."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi, niliyefundisha shule miaka ishirini, sikuisoma, kwa kuwa Jumapili sikugusa karatasi za biashara. Nilijiona mcha Mungu kwa hilo. Lakini kalamu niliitoa.

Alhamisi lori likashusha kreti za bia mlangoni pa duka. Ndipo nikaisoma ile karatasi. Duka la vileo, miaka kumi. Na chini, kwa mwandiko wa Lopeti, tarehe ilikuwa ya Jumamosi.

Kila mtoto wa Tonga anajua katiba inavyosema: Jumapili ni takatifu, na mapatano ya siku hiyo hayana nguvu. Njia ya kujitoa ilikuwepo, basi. Lakini ilimtaka Kepueli aseme kwa kinywa chake kwamba alifanya biashara siku ya Bwana, tena mate ya mahubiri hayajamkauka. Angevuliwa mimbari aliyopokea kwa wazee wake. Nilimwambia anyamaze, tutafute wakili, jina la Lolohea lisitembezwe visiwani.

Tulikuwa bado tunabishana pale dukani alipofika Seini, shangazi yake. Kwetu dada wa baba akiingia, wanaume hutazama chini. Lopeti, aliyekuja na lori, alikuwa amekalia kreti zake. Shangazi hakumsalimu.

"Kepueli, mwanangu. Karatasi hii uliitia saini siku gani?"

"Shangazi," niliingilia, "karatasi inasema Jumamosi."

"Sijakuuliza wewe, mwalimu. Na karatasi haikula nasi Jumapili. Huyu ndiye aliyekula." Akamgeukia Lopeti. "Au ulishiba ukasahau, baba?"

"Mama, saini ni saini," Lopeti alisema. Kisha akatabasamu. "Haya, mheshimiwa mhubiri, nenda kwa hakimu ukaseme ilikuwa Jumapili. Ukirudi utuambie utahubiria wapi. Kwa kuku?"

Vijana waliosimama mlangoni wakacheka. Kepueli alimgeukia shangazi yake, macho chini.

"Jumapili," alisema. "Na kwa hakimu nitakwenda. Lakini kanisa litasikia kwanza."

Ijumaa, kwenye maombi ya jioni, alisimama mahali alipokaa, hakupanda mimbarini. "Jumapili iliyopita niliwahubiria asubuhi," alisema, "na mchana nikafanya biashara nyumbani kwangu. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu." Hakumtaja Lopeti. Hakutaja mgongo wake, wala kalamu yangu. Nimesikia mahubiri mengi ya watu waliosoma, na hakuna hata moja lililonifanya niketi wima namna ile.

Jumatatu tulikuwa mbele ya hakimu. Lopeti aliinyoosha karatasi yake, akaonyesha tarehe kwa kidole. "Huyu anajitafutia njia ya kuvunja neno lake, mheshimiwa. Amebadilika moyo, sasa anasingizia Jumapili."

"Kuna aliyeshuhudia?" hakimu aliuliza.

Hakuna aliyeniambia nisimame. Nilisimama. "Mimi, mheshimiwa. Kalamu aliyotumia ni yangu. Nilimpa mchana wa Jumapili, tui likiwa bado vidoleni mwetu. Tazama pembeni mwa karatasi, doa la mafuta lipo."

Hakimu aliigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Akamtazama Lopeti. "Jumamosi mlikula nini?"

Lopeti akasema hakumbuki. Mkataba ukafutwa kabla ya chakula cha mchana.

Kreti zilirudi mjini kwa lori lile lile, na kuna vijana waliolisindikiza kwa macho ya huzuni. Kanisa lilimvua Kepueli mimbari kwa miaka miwili, na mimi nikaondolewa mbele kwenye viti vya walimu wa shule ya Jumapili. Hatukuomba tupunguziwe. Jumapili ya kwanza alivaa mkeka wake bora wa kiunoni, vazi letu la heshima, ule aliofumiwa na Shangazi Seini, tukatembea katikati ya kanisa watu wakitutazama, hadi benchi la nyuma karibu na mlango. Nilimshika mkono mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.