Mokami Anakaza Nyuzi

Habari hii hamtaiamini, na siwalaumu. Mtu mwingine angenisimulia, ningemwambia akanawe uso kwanza. Lakini muulizeni yeyote aliyekuwa kwenye tamasha la ngoma Mugumu mwaka jana.

Mokami ni binti wa dada yangu, mkulima wa mahindi kule Kemambo, Tarime. Ana watoto wanne, ila ukitaja sherehe ni kama umemwita jina lake. Mavuno ya kanisani yupo. Mnadani yupo, hata kama hana mbuzi wa kuuza. Kwenye maonyesho ya Migori alivuka mpaka wa Sirari, akarudi na kofia mpya na mafua. Wala hakai nyuma. Husimama pale vumbi la wachezaji linapomwingia mdomoni.

Baba yake alikuwa mpiga litungu. Litungu, kinubi cha Wakurya, lina nyuzi nane, na wazee wa kwao husema ni la wanaume: mwanamke hucheza, hapigi. Lakini mzee alipoishiwa macho, nani alimkazia nyuzi? Mokami. Kukaza nyuzi hakuna mwiko. Miaka kumi na miwili alikaza, na usimuulize kama kidole hakikuteleza.

Mzee akafariki. Kikundi chao kikabaki na wachezaji, njuga na vile viatu vya mbao vyenye soli nene kama tofali, ila mpigaji hakuna. Mokami akaenda kwa Nyangwine, mwenyekiti wa kikundi.

"Shikamoo, baba. Mugumu nitapiga mimi."

"Marahaba. Hutapiga."

"Mtacheza na nini?"

"Tuna flashi. Kuna mtu wa ng'ambo ya Sirari karekodi vizuri."

"Yaani litungu la baba lining'inie ukutani liliwe na mchwa, nyie mruke kwa vidole vya mtu wa Kenya?"

"Afadhali flashi kuliko mwanamke. Tutachekwa mpaka Ikoma."

Siku ya safari Mokami alipanda basi na litungu mapajani, limefungwa kanga.

"Hilo la nini?" Nyangwine akauliza.

"La kupamba, baba. Kikundi cha ngoma kionekane na spika tupu?"

Mzee akaona ni kweli.

Kikundi kikaitwa uwanjani. Mokami akakaa kwenye kigoda cha marehemu, akaanza. Ti. Ti-ti.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nakaza nyuzi, baba. Safari imezilegeza."

Kukaza gani kule! Uzi wa kwanza anaujaribu na wa tatu, wa tatu na wa nane, mara miguu ya wachezaji ikaanza kujibu yenyewe, njuga zikalia, na flashi haijachomekwa bado.

"Hujamaliza tu?" mzee akafoka.

"Huu wa tano mkaidi."

Uwanja ukacheka. Angeweza kujificha humo kwenye kukaza mpaka mwisho, na hakuna ambaye angemgusa. Hakutaka. Akainua uso, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wachoma nyama:

"Nyuzi zimekaa sawa. Sasa napiga. Asiyetaka achomeke flashi yake, acheze peke yake."

Akaupiga wimbo wa baba yake, wote, bila kuomba radhi kwa mtu. Nyangwine akasimama na flashi mkononi, akawatazama wachezaji wake. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akaitia mfukoni. Basi mzee yule, na miaka yake sabini na nne, akavaa viatu vya mbao akaruka! Akaruka kimo cha nguzo ya umeme, na nyumbu huko hifadhini wakasikia, wakaacha majani, wakaja kwa mstari mpaka kwenye uzio wa uwanja, na mkubwa wao akawa anatikisa—

"Mjomba," akasema Mokami, aliyekuwa akichungulia daftari langu juu ya bega langu nikiandika, "futa hao nyumbu. Na Nyangwine hakuruka. Alinuna mpaka tunafika Tarime, na mimi nilipiga hivyo hivyo, akiwa amenuna."