Siku Kompyuta ya Mjukuu Wangu Ilipogoma Kufumbua Macho

Kitendawili: anapumua, mwili una joto, ila macho hafumbui. Si mgonjwa, si maiti.

Mmeshindwa? Nipeni mji.

Ni kompyuta ya mjukuu wangu, siku ile mambo yalipotuharibikia nyumbani.

Binti huyu huchora ramani za nyumba. Kompyuta yake ilikuwa imechoka kama mimi. Ukifungua ramani kubwa, inaganda. Mhandisi mmoja akampa kazi ya majaribio: ramani ifike kabla ya saa kumi jioni, ikimpendeza anamwajiri.

Asubuhi fundi akaja, akafunga kadi mpya ya picha. Kioo kikawaka vizuri. Akaenda zake.

Mjukuu akaingia kuoga. Kurudi, anawasha: feni inazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi tii.

Akaniuliza kama nimegusa kitu.

"Nimepangusa vumbi tu," nikasema.

Kweli nusu hiyo, wanangu.

Akampigia fundi. Akaambiwa achomoe kadi, airudishe mpaka ilie ka. Ikalia ka. Giza. Akaambiwa akaze waya wa umeme wa kadi. Giza.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita.

Mjukuu akamwambia fundi kamuuzia kadi mfu. Fundi naye akasema aliiacha nzima, labda binti kaiunguza kwa kuichokonoa.

Mimi kitini, nimeuchuna.

Saa tisa na nusu fundi akaja mwenyewe, jasho linamtoka, chakula cha mchana hajala. Akainama nyuma ya kompyuta, akatulia.

"Nani karudisha waya wa kioo kwenye tundu la zamani? Hili halitoi picha tena, sasa inatoka kwenye kadi."

Akauvuta ule waya kwenye mwanga.

"Na hii rangi nyekundu ya nini?"

"Ya kucha, baba," nikasema. "Ni yangu."

Ikabidi niseme yote. Kila ninapopangusa, huchomoa nyaya. Ili nisipotee, nilipaka kila waya na tundu lake rangi moja: nyekundu kwa nyekundu, waridi kwa waridi. Asubuhi ile nikaona waya mwekundu umechomekwa kwenye tundu lisilo na rangi, la kadi mpya. Nikajua fundi kakosea.

Fundi kasomea kazi yake. Mimi wa darasa la saba nikamsahihisha.

Akahamisha waya. Kioo kikawaka papo hapo. Nikamwomba radhi, akasema hana neno, amechoka tu.

Mjukuu akamalizia mistari iliyobaki. Ramani ikaondoka saa kumi na robo.

Mhandisi akajibu kwa mstari mmoja: amemchukua aliyewahi.

Mjukuu hakulia, hakunigombeza. Alivua miwani, akakaa karibu nami.

"Bibi, nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama. Niliogopa utaniambia nisiingie tena chumbani kwako."

Akalaza kichwa begani kwangu, akasinzia na viatu miguuni.

Kosa la mkono wangu lilitengenezwa kwa dakika moja. La mdomo wangu lilikula mchana mzima, na kazi ya mtoto juu yake. Ukiulizwa umegusa nini, taja vyote, hata ulivyogusa kwa mapenzi.